Ada ya Paa la Kanisa

Hadi leo nikipita karibu na ukumbi wa kanso, yaani baraza la mji wetu, huwa navuta kofia mpaka kwenye nyusi, na kwa kuwa hamchoki kuniuliza sababu, acha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine wakaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kanso ilipotaka kupandisha ada za vibali vya ujenzi, wananchi tukaitwa ukumbini tutoe maoni. Paa la kanisa letu lilikuwa limeoza, mvua kubwa ya Aprili iko mlangoni, na mchango wetu ulitosha kibali kwa ada ya zamani tu; ikipanda, tungenyeshewa mwaka mwingine. Wazee wa kanisa wakanituma nikatutetee, pamoja na Mama Njoki, mweka hazina wetu.

Sasa, sisi Wakipsigis b na p hutuchezea kidogo. Mimi barua huiita parua, baba humwita papa, na watu wa mjini walikuwa wananicheka (Mama Njoki akiwemo, ingawa yeye husema "rakini" na hakuna anayemgusa). Mwenyekiti wa kanso alinikaribisha niseme Kipsigis, mkalimani yupo, nami kwa kiburi changu nikakataa. Nikaamua nitasema Kiswahili, na b zangu nitazikaza mpaka zisikike nje. Nikafunga koti, nikaanza.

"Waheshimiwa, kanisa letu linaomba mtupunguzie ada ya baa."

Ukumbi mzima ukanikodolea macho. Nikadhani nimewagusa roho, kwa hivyo nikaendelea, nikaeleza kwamba baa yetu ni ya zamani sana, wazee wetu waliijenga kwa jasho, kwamba akina mama na watoto wa Sande skuli wanategemea baa hiyo kila Jumapili, na kwamba pasta mwenyewe hawezi kumaliza mahubiri bila baa nzuri. Mama Njoki akanivuta koti. Nikautoa mkono wake, nikajua ni wivu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mzee, hiyo baa mnaitaka ndani ya kanisa ama kando?"

"Juu," nikamjibu, nikishangaa mtu mzima anauliza hivyo. "Baa inakaa juu. Tena kubwa, itoshe waumini wote."

Wenye baa waliokaa nyuma wakapiga makofi. Mmoja akasimama, akasema kama hata kanisa linalia juu ya ada hii, basi kanso ijiulize. Nikamshukuru kwa kichwa, nikaketi nikiwa nimeridhika kabisa.

"Mzee," Mama Njoki akaninong'oneza, "umeombea kanisa baa."

Masikio yaliniwaka moto. Nikainuka nirekebishe, rakini (ona sasa, hata mimi) mwenyekiti akasema maoni yangu yameshaandikwa, niwapatie wengine nafasi.

Ada mpya zilipotoka, ya kujenga baa ilikuwa imeshuka. Ya paa ilipanda. Pasta alitutangazia hivyo kanisani bila kunitaja jina, na hilo liliniuma kuliko kama angenitaja, maana watu wote waligeuka kunitazama. Tulinyeshewa mwaka mzima, na kila tone lililoniangukia nililihesabu kuwa haki yangu.

Tangu hapo mimi na neno paa tumeachana. Nikilihitaji nasema mabati, na hata yakitoka mapati, hakuna atakayeniletea chupa.