Shoga wa Tanga na Shoga wa Chuo Kikuu

Niliandikwa kwenye kitabu cha sheria, na kitabu hicho nusura kimrudishe mwenzangu Uganda. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kuniambia nina hasira za bure.

Mwandishi wake ni dada wa Kinairobi aliyekulia hapa Stockholm, wakati ule akisomea udaktari wa sheria, na kitabu ndiyo tasnifu yake: haki za watu kama sisi, usawa, mambo hayo. Tulijuana saluni ninakosuka nywele, Fittja. Alikuja kwangu Alby na kinasa sauti, akakaa jikoni Jumamosi nzima. Mimi nimeishia kidato cha nne. Hakuna msomi aliyewahi kuniuliza naonaje jambo lolote, kwa hiyo nikamwaga yote. Nikamwambia kwamba kwa majirani tunasema mwenzangu ni mama mdogo wa binti yangu.

"Lakini wewe mwenyewe unamwonaje?" akauliza.

Nikacheka. "Yule kwangu si shoga, mwaya. Mashoga zangu wako saluni, tunapiga umbea tu. Yule ni mwenzangu."

Mtu wa Tanga angeelewa papo hapo. Kwetu shoga ni mwanamke mnayepeana siri na kuazimana kanga. Mwenzangu ni yule ninayelala naye kitanda kimoja.

Wakati huo ombi la hifadhi la mwenzangu lilikuwa bado linasubiri majibu. Alikimbia kwao kwa sababu anapenda wanawake, na huku alitakiwa kuthibitisha hivyo. Yule dada akajitolea kuandika barua ya mtaalamu na kuambatanisha sura ya kitabu chake. Nilimkumbatia. Wakili wa mwenzangu akapeleka kurasa zote, na nina hakika hakuzisoma hadi mwisho. Mimi pia sikuzisoma. Kiswidi changu ni cha saluni na cha chekechea ya mtoto.

Majibu yakaja: amekataliwa. Wakili akanisomea polepole kwenye simu. Shahidi wa mwombaji, mtu anayeishi naye, amenukuliwa akisema kwamba mwombaji si mpenda jinsia yake, ni mwenza wa nyumbani tu.

Mwenzangu alikuwa amesimama na sufuria ya matoke mkononi. "Ulisema hivyo?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nilimfuata yule dada hadi Vällingby anakoishi, tukaketi mkahawani. Nikamweleza neno kwa neno. Akashika kichwa. Alielewa mara moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Sasa andika barua useme umekosea."

Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Dada, kitabu kimeshaenda kupigwa chapa. Sura ile nzima imesimama juu ya sentensi yako."

"Na inasema nini hiyo sura?"

"Kwamba sheria inawalazimisha watu wajiite majina wasiyoyataka."

"Na wewe umemwita nani?"

"Usinielewe vibaya. Nikikiri tafsiri hii ina kosa, watazitilia shaka zote."

"Wazitilie! Mtu anarudishwa!"

"Si kuna rufaa? Mahakama itaelewa."

Yeye avishwe kofia ya udaktari, sisi tupewe rufaa.

Basi kwenye rufaa nikaenda mwenyewe mahakamani kutoa ushahidi. Wakili alitaka niseme Kiswahili, maana ugomvi wote ulikuwa wa neno la Kiswahili. Niliomba mkalimani wa mbali, asiyetujua. Nilipoingia nikakuta mkalimani ni mama mmoja wa Fittja, Mtanga kama mimi, ambaye kila mwezi namsuka mimi, na anapigiana simu na mama yangu. Najua wakalimani wanaapa kutunza siri. Macho hayaapi.

Jaji akauliza shoga ni nini. Nikaeleza, kanga na umbea vyote. Akauliza, na mwenzangu?

Nikamtazama yule mama. "Ni mke wangu."

Akalitafsiri sawasawa. Kiswidi cha neno hilo nakijua.

Mwenzangu akapata kibali. Yule mama hajarudi kusukwa. Mama yangu hapokei simu zangu, wala sijui kama habari alizipata kwa yule mkalimani au kwa mwingine. Na kitabu kiko maktaba, sentensi yangu vilevile yule dada alivyoipotosha, na mwandishi wake sasa anaitwa daktari.

Juzi akanitumia ujumbe. Hongera sana dada, nimefurahi mno, naomba nije niwahoji nyote wawili, naandika makala kuhusu ushindi wenu.

Mwenzangu akausoma akiwa nyuma ya bega langu. "Mwambie aje na mkalimani."

Sikuweza kucheka. Nikamwandikia: "Sahihisha kwanza."

Ameusoma. Hajajibu.