Kengele Aliyoikataa Meneja

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi. Manyunyu mepesi, upepo hakuna.

Nilitangaza hewani kwamba mimi mwenyewe nimefukuzwa kazi.

Nilitangaza kwa sauti safi, matamshi yamenyooka, na mwishoni nikamshukuru aliyetuma ujumbe. Mji mzima ulisikia na kuelewa. Aliyechelewa kuelewa ni mimi niliyesema.

Naomba nieleze kwa mpangilio, maana kila mtu mtaani sasa ana toleo lake.

Mimi ni mtangazaji wa redio. Sioni tangu kuzaliwa. Naendesha kipindi cha asubuhi: habari, muziki na salamu za wasikilizaji.

Kompyuta yangu ina programu inayonisomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Sauti hiyo naiita Shangazi, kwa sababu haijui kunyamaza wala haiachi jambo la mtu lipite. Shangazi husemea ndani ya hedifoni, sikio la kushoto. Wasikilizaji hawamsikii.

Shikeni jambo moja hapa, tutalihitaji. Shangazi akinisomea salamu, mimi huzirudia papo hapo hewani, nusu pumzi nyuma yake. Sikio linapokea, mdomo unatoa. Ukishazoea, akili haina kazi kubwa pale katikati. Inaweza hata kuwaza chai.

Mambo yaliharibika kituo kiliponunua programu mpya ya kurushia matangazo.

Ile ya zamani niliijua kama mfuko wa koti langu. Hii mpya kila mtu aliisifu kwamba inapendeza machoni. Niliifungua, nikabonyeza kibodi, nikasikiliza.

"Kitufe," alisema Shangazi.

Nikasogea.

"Kitufe."

Nikasogea tena.

"Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

Kimoja kilicheza muziki. Kingine kilifungua kipaza sauti. Kingine kilikata matangazo ya kituo kizima. Shangazi hakujua kipi ni kipi, kwa sababu vitufe vilipewa michoro midogo ya rangi na hakuna aliyekumbuka kuvipa majina.

Kile cha kukata matangazo nilikitambua baada ya kukibonyeza.

Meneja akaniita ofisini. Ni mtu wa maneno laini. Ukitoka kwake ndipo unaanza kujikagua umeumia wapi.

"Dada yangu," alisema, "hakuna anayekufukuza. Nafikiria tu upumzike. Ukae mapokezi, upokee simu. Kiti kizuri kile, kinazunguka."

"Na kipindi?"

"Mpwa wangu amejitolea."

"Mpwa wako huamka saa nne, bosi."

"Atajirekebisha."

Angenihamisha siku hiyohiyo, ila kulikuwa na bango. Liko nje ya jengo, kubwa, lina picha yangu na maandishi: Redio ya Wote. Nimeambiwa nimetoka vizuri. Mama mwenye kituo alilipenda mno bango lile, na angeuliza mwenye picha amepelekwa wapi.

Basi tukakubaliana. Programu irekebishwe, halafu Jumatatu niendeshe kipindi chote peke yangu, bila mtu kunishikia kitufe. Nikishindwa, nakwenda kuzunguka mapokezi.

Fundi aliyeitengeneza programu ile alikuwa mwanamke tuliyemwita Mabano, kwa sababu alikuwa akifungua maelezo ndani ya maelezo na kusahau kuyafunga. Alirudi studio akiwa na furaha.

"Dada, nimemaliza. Nimekuza vitufe vyote, halafu nimevipaka njano."

"Vimependeza?"

"Sana."

"Hebu tumwonyeshe Shangazi."

"Kitufe," alisema Shangazi.

Sifa ya Mabano ni kwamba hakujitetea. Alivuta kiti, akazima skrini, akavaa hedifoni, akajaribu kucheza wimbo mmoja tu. Nilimsikia akibonyeza, akirudi nyuma, akisonya, akibonyeza tena. Mwishowe akacheka, lakini si kwa raha.

"Hii kitu nimeitengeneza mimi mwenyewe," alisema.

"Karibu kwetu."

Kuanzia hapo tulifanya kazi ya maana. Aliandika jina kwa kila kitufe, hata vile ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amesahau vinafanya nini. Aliweka amri za kibodi ili nisihangaike na kipanya. Wimbo ukikaribia kuisha, Shangazi aliniambia. Jioni moja niliendesha kipindi kizima cha majaribio bila kosa, na Mabano akanikumbatia kama mtu aliyefaulu mtihani wake mwenyewe.

Likabaki jambo moja dogo.

Programu ile iliweka salamu za wasikilizaji na ujumbe wa ndani wa ofisi katika dirisha moja. Kwa anayeona, ujumbe wa ofisi una rangi nyekundu. Kwangu mimi, Shangazi husoma vyote kwa sauti ileile.

"Niwekee kengele," nilimwambia. "Ujumbe wa ofisi ukiingia, kengele ilie kwanza, ndipo Shangazi asome."

"Hiyo ni kazi ndogo sana. Lakini nyongeza yoyote lazima meneja aipitishe."

Meneja hakuipitisha.

"Kengele ya nini tena?" aliuliza kikaoni mbele ya wote. "Majina mmepewa. Amri mmepewa. Sasa mnataka na kengele. Hapa ni redio au shule ya msingi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kusema kweli ilichekesha.

"Sasa bosi, nitajuaje ujumbe upi ni wako?"

"Utajua tu. Mimi nina namna yangu ya kuandika."

Jumatatu ikafika, na manyunyu yake.

Nilifungua kipindi kwa wakati. Nilisoma habari. Nilicheza nyimbo, nikaziunganisha bila pengo. Mabano alikaa nyuma ya kioo, mikono ameikalia ili isije ikagusa kitu. Mpwa alikuwa chumba cha jirani mbele ya kompyuta nyingine, ameletwa mapema, anapiga miayo iliyosikika hadi kwangu.

Nilianza kuamini kwamba nimeshinda. Saa moja na robo nikafungua salamu.

Shangazi akaanza, nami nikamfuata.

"Fundi cherehani anamsalimu mkewe, na kumkumbusha kwamba funguo ziko chini ya chungu cha maua."

"Mwalimu mstaafu anaomba wimbo wowote usio na kelele."

"Mwache amalize leo, mpwa wangu, usigombane naye. Hata akifaulu tutasema kulikuwa na makosa. Kesho kiti ni chako, ila uamke. Yule tulimweka kwa ajili ya bango tu."

Na mimi, kwa uchangamfu wa asubuhi, nikaongeza: "Asante sana kwa salamu hizo. Tunamtakia mpwa kila la heri."

Ndipo akili ikarudi kutoka kwenye chai.

Meneja alijua vizuri kwamba ujumbe wa ofisi huingia kwenye kompyuta zote za studio. Lakini kichwani mwake, kitu kilichoandikwa hakiwezi kumfikia mtu asiyeona. Alikuwa ameidhinisha marekebisho yote, na hakuamini hata moja.

Nikabonyeza wimbo wa mwalimu mstaafu. Haukuwa na kelele kabisa, kwa hiyo mji wote ulipata nafasi ya kutafakari.

Mabano aliingia. "Dada, umesoma..."

"Najua."

"Yote."

"Najua, Mabano."

Simu yangu ikalia. Alikuwa mama yangu mzazi. "Mwanangu, huyo mpwa ni nani? Na mbona ana mjomba mwenye roho mbaya namna hiyo?"

"Nitakueleza, mama. Niko kazini." Sikuwa na hakika na neno hilo la mwisho.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Nilimtambua meneja kwa pumzi. Kabla hajasema lolote, simu yake nayo ikalia, na sauti ya mama mwenye kituo ni ya kusikika hata bila spika.

"Nasikiliza redio yangu hapa. Kile ni kitu gani?"

Meneja akajibu haraka.

"Igizo, mama."

"Igizo?"

"Igizo fupi. La kuelimisha jamii kuhusu watu wa aina ile."

"Aina ipi?"

"Mameneja, mama."

Kikalipuka kicheko kikubwa simuni.

"Nilishika simu nikufukuze, kumbe una kipaji. Nani ameliandika?"

"Mimi mwenyewe," alisema meneja, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisema kweli.

"Basi liendelee kila siku. Na asome yuleyule dada. Kusoma maneno kama yale kwa utulivu ule, sijui nani mwingine angeweza."

Simu ikakatwa. Meneja alibaki amesimama. Akiniondoa, itajulikana kwamba lile halikuwa igizo. Akiniacha, lazima aliandike.

"Dada yangu," alisema taratibu, "hukujua kweli kwamba ule ni wangu?"

"Sikujua, bosi. Niliisubiri ile namna yako ya kuandika."

Watu huniuliza funzo. Mkitengeneza chombo, kipeni kila kitufe jina. Na asiyeona akiwaomba kengele, wekeni, kwa sababu hamjui itakuja kumwokoa nani.

Mengine yalikwenda hivi.

Mabano aliweka kengele mchana uleule, kwa amri ya meneja, aliyesimama nyuma yake akisisitiza ilie kwa nguvu zaidi.

Mpwa alinishika mkono, akanishukuru kwa dhati, akarudi kulala.

Mama yangu hajakubali kwamba ni igizo. Kila siku hupiga simu kuuliza kama yule mjomba ametubu.

Meneja anaandika igizo kila jioni. Watu humsimamisha njiani na kumsifu jinsi anavyomfahamu mtu mbaya kwa undani. Mwenye kituo amemwekea bango lake, kando ya langu.

Na mimi nilimaliza kipindi, nikavua hedifoni, nikaenda mapokezi kukijaribu kile kiti.

Kweli kinazunguka.