Kitambaa Kilichorudi Shingoni

Barua ya chuo ilisema wazi: kwa kuwa nina miaka kumi na saba, mkuu angeniona kwanza, ndipo aamue kama nitakaa muhula mzima au nitarudi Stockholm na mwalimu wa kunisindikiza baada ya wiki moja. Wasiwasi huo niliubeba kutoka Rissne, mtaa wetu wa Stockholm, hadi milima ya kaskazini mwa India, na sikumwambia mtu.

Mimi si msemaji. Mama akinisemesha Kiswahili namjibu Kiswidi, tena nusunusu. Lakini macho yangu hayana haya. Njia nzima niliyakodoa: nyani juu ya mapaa, watawa wa joho jekundu wakinunua vocha za simu, mwanamke akifunua sufuria ya vijifuko vya unga vyenye nyama, vilivyopikwa kwa mvuke. Nilitaka kujua kila kitu, ila bila kuuliza.

Langoni alinipokea msichana wa Kitibeti, ambaye ningelala naye chumba kimoja. Akanipa kitambaa cheupe, chepesi, ambacho kwao mgeni humpa mkubwa kama salamu, akanipeleka ofisini nikamkabidhi mkuu. Hapo angalau sikubabaika. Mama alishanifundisha namna ya kumpa mtu mzima kitu: mikono miwili, magoti yakunjwe kidogo, macho chini. Mkuu, mtawa mzee mwenye miwani, alikipokea, kisha akanirudishia. Alinivisha shingoni.

Masikio yaliniwaka. Kwetu ukirudishiwa zawadi, umekataliwa. Mpaka leo mama hamsalimii jirani aliyemrudishia bakuli la pilau halijaguswa. Mkuu aliongea kidogo kwa upole, sikusikia hata neno.

Chumbani nilikaa kitandani bila kuvua koti, sanduku limefungwa. Yule msichana akaniuliza mbona sipangi vitu. Mimi, ambaye darasani sinyooshi mkono, nikajikuta nauliza:

"Kwa nini amekikataa?"

Alianza kucheka, akajizuia. Akanieleza kwamba mkubwa akikuvisha kitambaa chako mwenyewe, amekubariki.

"Wewe ulikuwa wapi akiongea? Kesho saa mbili uko darasani."

"Kwa wiki moja?"

"Kwa muhula. Kaniambia nikutafutie blanketi la pili, baridi ya huku kali."

Nikamwambia natoka Sweden, baridi naijua.

"Basi hilo la pili ni langu," alisema, akaanza kuhamisha sweta zake ili nipate rafu mbili za kabati.