Mzigo wa Mwalimu Liberatus

Vitumbua vya Bi Mwantumu wa Iyunga vilinukia hata basi la Iringa lilizima injini lenyewe likifika pale. Asiyeamini akamuulize dereva, kama bado yu hai. Bi Mwantumu alikaanga penye lango la chuo cha walimu, na kila vilipokuja vitabu vipya vya mdahalo, vya zamani alipewa yeye afungie vitumbua. Kusoma hakujua. Mwanafunzi mmoja, Lutengano, alimsomea: ukurasa mmoja, kitumbua kimoja.

Kitabu cha kwanza kilifundisha kusimama tu: kifua mbele, mkono juu, sauti ya radi. Bi Mwantumu akaijaribu sauti ile asubuhi moja. Mbuzi wa jirani akazaa kabla ya siku zake. Cha pili kikasema kelele si hoja. Anayedai jambo ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha.

"Mzigo ni wa anayedai," akarudia, akaufutika ukurasa ule kwenye pindo la kanga.

Mwaka hamsini na sita kikaja cha tatu, pamoja na Mwalimu Liberatus, Mbena mpole aliyekimeza chote.

"Shikamoo, mama. Moshi wako unatuingilia ukumbini. Uhamie kule mtoni."

Mtoni nani angenunua? Vyura?

"Marahaba. Nani anadai nihame?"

"Mimi."

"Basi beba."

"Nibebe nini?"

"Mzigo. Lutengano, msomee mwalimu wako!"

Lutengano akausoma ukurasa ule uliotoka pindoni, huku kicheko kikimbana mbavu.

"Hicho kimepitwa na wakati," akasema Mwalimu. "Hiki kipya kinataka tumsikilize kwanza mpinzani, tukubali lililo kweli kwake."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mzigo ni wa anayedai: kweli si kweli?"

Wanafunzi walishajaa madirishani. Mwalimu, mtu wa vitabu, akabeba: ndoo ya unga wa mchele wa Ubaruku kichwani, kuni kwapani, chuma cha vitumbua mkononi, kingali na joto. Hatua thelathini tu, pumzi ikamwishia. Akatua vyote chini ya dirisha la ukumbi wa mdahalo.

"Hapo hapo, baba," akasema Bi Mwantumu. "Umepachagua mwenyewe."

Mwalimu akapekua kitabu kipya hadi jalada la nyuma. Akanunua vitumbua viwili.

Tangu hapo moshi uliokuwa ukiingia nusu ukaingia wote. Bi Mwantumu alibaki na shida moja tu.

"Lutengano mjukuu wangu, kitabu hicho kipya watakitupa lini? Karatasi yake laini."