Meno ya Shosho Asubuhi ya Posa

Meno ya bandia ya shosho, nyanya yetu, yalimponyoka akiyaosha, yakagonga sakafu na kuvunjika katikati. Yalikuwa ya juu yote. Huko juu hakubakiwa na jino lake mwenyewe hata moja. Wiki hiyo hiyo Wamaasai kutoka Kajiado walikuwa wanakuja kwetu Kitengela kumposa dada yangu. Mama yetu alishafariki na shosho ndiye aliyetulea, kwa hivyo ilikuwa kazi yake kusimama mbele ya wageni na kumuuliza dada kama tunywe uji walioleta kwenye kibuyu, yaani kama amekubali kuolewa. Bila swali hilo hakuna anayeonja, na posa haijaanza.

"Nikikosa meno, utauliza wewe," aliniambia, mdomo ameuziba kwa leso.

Mimi? Shuleni nilikuwa najua jibu na bado nanyamaza, mpaka mwalimu akaacha kuniuliza.

Kesho yake nikakuta ameshayabandika kwa gluu ya viatu. Mtaani kwetu gluu hiyo hutengeneza soli, karai na rimoti. Ilishika kweli, lakini upande mmoja ulikaa juu ya mwingine, na alipoyavaa kabla hayajakauka yalimchoma ufizi.

Nikayapeleka kwa fundi wa meno, nyuma ya kliniki fulani.

"Hii ilibandikwa na fundi wa viatu?"

"Ni shosho."

"Mwambie shosho mdomo si raba."

Alinionyesha kwamba vipande vinapaswa kukutana kama vya kikombe kilichopasuka, lakini gluu ilikuwa imekauka katikati na kula plastiki. Aliikwangua polepole. Akavishikanisha kwa nta, akamwaga plasta laini inayoganda upande wa ndani visisogee, kisha akaupanua ule ufa kwa mashine ndogo. Akajaza unga wa rangi ya ufizi, akiudondoshea dawa yenye harufu kali kama ya rangi ya kucha, akaweka yote kwenye sufuria ya maji ya moto yenye kifuniko cha kubana. Nilikaa kwenye stuli nikimwomba Mungu nisije nikasimama mbele ya watu.

"Aje nimpime mdomoni," fundi alisema akiyang'arisha. "Gluu ilikula kingo. Bila kumpima siwezi kuapa."

Shosho alikataa katakata. "Nipite mjini na mdomo kama mfuko mtupu? Na hao wageni wakinikuta njiani?"

Akayavaa hivyo hivyo. Yalicheza. Jioni alifanyia mazoezi swali lake jikoni, meno yakigongana, nami nikajiambia yatafika siku yenyewe.

Asubuhi ya posa aliuma kiazi kitamu, kitu laini kabisa. Nilisikia tak. Yalivunjika palepale pa kwanza. Hakulia. Aliviweka vipande kwenye kiganja changu, akanikunja vidole.

Wageni walipoketi na kibuyu kikawekwa mezani, shosho, leso mdomoni, alinifinya paja. Nikasimama. Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka.

"Ongeza sauti!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Hata hajaanza, wewe!" mwingine akamjibu.

Watu wakacheka. Mjomba, ambaye hakuwahi kuipenda ndoa hiyo, akakohoa. "Kama hakuna wa kuuliza, si wabebe tu kibuyu chao?"

Dada aliinamisha kichwa. Niliona machozi yake yakidondokea vitenge vyake, na bado sauti haikuja.

Shosho akanivuta shati, nikaketi. Akasimama yeye. Akaitoa leso mdomoni, akaifunga kiunoni, akauliza. Maneno yalitoka laini, nusu upepo. Hakuna aliyecheka. Nyanya wa bwana harusi, aliyeng'olewa meno mawili ya chini utotoni kwa desturi ya kwao, alikuwa ameinama mbele ili asikie vizuri.

"Tunywe, shosho," dada alisema kabla shosho hajamaliza.

Kikombe cha uji kilipofika kwangu, mkono wangu wa kulia ulikuwa bado umevifumbata vile vipande vya meno. Nilishindwa kuufungua.