Casimir Aliyekataa Kuapa

Mdogo wangu Casimir alizaliwa Kabalo, katika kambi ya reli. Baba alikuwa mtu wa treni, na Jumapili alikuwa katekista. Mimi ni yaya yake, dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni, kwa hiyo asije mtu kunisahihisha. Nilisoma kwa masista mpaka la sita tu, lakini kichwa changu hakijapoteza kitu.

Baba alitufundisha jambo moja kwa fimbo: Mkristo haapi. Ndiyo yake ni ndiyo, hapana yake ni hapana. Mwaka mmoja kuku wa jirani aliibwa, watoto wote wa kambi wakaambiwa waape kwa kichwa cha mama yao. Wakaapa. Casimir peke yake akakataa, akapigwa kwa niaba ya wote. Mwizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuapa. Jioni baba alimnunulia Casimir mkate, na mkate ule ndio uliomponza, nasema mimi.

Alikua akawa infirmier, muuguzi. Alifanya kazi miaka mingi kwa Dokta Adalbert, hapa Naviundu, kliniki ya vyumba vitatu na wafanyakazi sita. Alimpenda Dokta kuliko wengine wanavyompenda padri wao. Ukimsema Dokta vibaya, Casimir anaacha bukari katika sahani, ananawa mikono, anatoka.

Kazi yake moja ilikuwa kuita wagonjwa. Na huku kwetu mwanamke aliyezaa haitwi kwa jina lake, ni dharau. Anaitwa kwa mtoto wake. Basi asubuhi moja aliita, "Mama Kiki!" Akainuka mmoja, mwenye mimba, akaingia. Dokta mwenyewe akamwekea seramu ya kinini, ile dripu ya malaria. Mama Kiki wa pili, yule mwenye malaria, alikuwa bado nje, amelala kwenye benchi na homa yake. Mimba ilitoka siku hiyohiyo. Dokta akamwambia mume, "Mungu alitoa, Mungu ametwaa." Mume akashukuru.

Wafanyakazi wote walijua. Casimir alikuja kulia kwangu, halafu akajipangusa macho. "Yaya, Dokta alichoka. Batu banachokaka."

Baadaye wakaja watu wawili kutoka mjini, na simu zao kubwa, kupima kama wagonjwa wako salama katika kliniki ndogo. Hawakupima dawa wala sindano. Walipima watu wa kazi. Walimwingiza kila mmoja peke yake, bila kuandika jina, wakamwuliza: kosa likitokea hapa, munalisemaka bila woga, ao munalifichaka?

Nikamwuliza Casimir alijibu nini.

"Niliwaambia hapa tunasemaka kila kitu."

Kuapa alikataa maisha yake yote. Kudanganya hakukataa.

Majibu yalirudi kwa hesabu: watano walisema hakuna woga, mmoja alisema uko. Hawakuandika jina, lakini katika nyumba ya watu sita, mmoja atajificha wapi? Dokta akawapanga mstari mbele ya wagonjwa.

"Mutu moja ananichafua. Muape."

Mwelwa, msichana wa mapokezi, akatangulia. "Mutoto wangu Ariel afe leo kama ni miye!" Wengine wakafuata, huyu kwa kaburi la baba, huyu kwa macho yake mawili. Akabaki Casimir.

"Haiko miye, Dokta."

"Apa."

"Siapi. Neno langu ni hilo."

"Ee, katekista!" wenzake wakacheka. "Mungu amemushika ulimi!"

"Papa Casimir, apa tu, tuende kula!"

Dokta akanyoosha mkono. "Vua bluzi."

Akaivua mbele ya watu, ile bluzi nyeupe ya kazi niliyokuwa namfulia mimi, akatembea na fulana yenye tundu mpaka nyumbani.

Tangu siku ile anakaa kwenye mlango wangu, uso kwa barabara, akingojea Dokta amwite. Presha ikapanda, mguu ukavimba. Watu wa kartye, mtaa wetu, wakisalimu wanasema, "Papa, bado munangoja?" Wanacheka kabla hawajafika kona.

Juzi Mwelwa akaja na unga, akapiga magoti. Ni yeye aliyesema woga uko.

"Na Ariel hakufa?" nikamwuliza.

"Hakufa, Mama."

"Basi Mungu naye ana watoto wake anaowapenda."

Nilimfukuza na unga wake. Nikavaa kikwembe changu cha Pasaka, nikaenda kwa Dokta kumwambia ukweli, amrudishe mdogo wangu. Alinipa kiti, akanipa Fanta baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima.

"Mama, nilijua siku ileile. Casimir hawezi kunisema. Mwelwa alikuwa anatetemeka."

"Na ukamufukuza Casimir?"

"Ningemufukuza Mwelwa, angeenda kusema mbele, kwa wakubwa wa mjini. Sasa anabakia hapa na kiapo chake, anafunga mudomo. Na wengine balielewa: hata asiye na kosa anaweza kutoka." Akatabasamu. "Wale wapimaji walirudi juma lililopita. Tuko na infirmier mupya, tuko sita tena. Bote sita balisema hakuna woga. Kunywa, Mama, itapoteza baridi."

Sikuinywa.

Casimir alikuwa amesimama njiani, na ule mguu wake. Alijua nilikokwenda.

"Yaya, Dokta aliniulizia?"

Niliangalia uso ule niliokuwa nikiupangusa kamasi Kabalo.

"Alikuulizia. Anakusalimia sana. Anasema atakuita."

Alinitazama. Mara ya kwanza maishani mwake hakuridhika na ndiyo ya mtu.

"Apa, yaya."

Nikaapa, kwa kaburi la mama yetu. Akaingia ndani, akaniomba pasi anyooshe suruali yake ya kazi.