Wimbo wa Lazaro

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ni ile niliyosimama mbele ya baa moja karibu na gare ya Kalemie, kituo cha treni, beseni la samaki kichwani, nikasikia watu wakicheza kilio cha ndugu yangu. Wengine walikuwa wamenyanyua chupa juu. Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana jambo hili ukilishika kwa mkia litakuponyoka.

Sisi ni watu wa Mpala. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatuleta Kalemie, mimi na kaka yangu Lazaro, tukakaa kwa mjomba. Lazaro alikua akawa mvuvi. Asubuhi moja alipiga kasia kwenda Mpala kuchukua mihogo ya shamba letu, upepo wa ziwa ukamkuta njiani. Mtumbwi ulipatikana. Kasia lilipatikana. Yeye hakupatikana. Wanaume walimletea mama lile kasia, wakaliegemeza mlangoni, wakaondoka. Lilikuwa bado linadondosha maji.

Kufiwa bila maiti ni jambo baya, mwanangu. Huna pa kusimika msalaba, huna pa kupeleka maua siku ya Watakatifu. Mama hakulia. Alikaa akilitazama kasia, chakula kikipoa mbele yake. Basi siku moja nikiwa namenya mihogo, nikaanza kusema kwa sauti ya wimbo kile alichokuwa anakitazama:

Lazaro, kasia lako lingali na maji,
nani atalikausha?

Maneno mengine yakafuata, moja likiliita lingine. Nilivuta sauti mwishoni kama wanawake wa Mpala wanavyovuta msibani, kwa sababu kilio nilichokijua ni hicho. Lakini wimbo wenyewe hakunifundisha mtu. Sikuusikia kwa bibi, sikuuokota njiani. Mama aligeuka, akanitazama, machozi yakamtoka. "Imba tena," akasema. Nikaimba mpaka akala. Tangu siku ile, wimbo ule ndio ukawa kaburi la Lazaro. Hatukuwa na lingine.

Kwaya ya parokia yetu ilikuwa inaongozwa na Papa Gervais, mzee aliyekuwa karani wa reli, mtu wa maneno machache na suruali iliyonyooshwa. Alipousikia aliomba tuuimbe kwenye misa ya kumwombea Lazaro. Baada ya mazoezi akaniita pembeni.

"Honorata, wimbo hii ni ya nani?"

"Ni ya kaka yangu, Papa."

"Kaka yako amekufa, Mungu amupokee. Mimi nauliza nani aliitunga."

"Ni mimi."

"Basi tuiandike. Nitaandika noti zake, wewe utatia jina lako na tarehe, padri atatia sahihi kama shahidi. Kiisha tutatuma kopi kwa biro ya watunzi, ofisi yao. Biro ya kazi hiyo iko, usifikiri haiko."

Nilimkasirikia, mwanangu. Damu ya ujana ni maji ya moto, hayangoji kikombe. Nikamwuliza, "Papa, unataka niuze machozi ya mama?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati taratibu, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kulia. "Nani amesema kuuza? Mutu anatia jina kwa kitu chake ili aweze kusema hapana. Kitu haina jina haiwezi kukatalia mutu."

Nikaondoka. Hakunishurutisha, na mvua zilizofuata zikamkuta kitandani, akafa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu huunganishwa. Mimi nilivunjika mahali pengine.

Kwaya iliendelea kuuimba mwaka hadi mwaka, mama akiwa ameketi benchi ya mbele, mikono juu ya magoti. Kisha akaja Fiston. Alikuwa kijana wa Lubumbashi aliyekuja kumtembelea shangazi yake, na gitaa, na mashine ya kunasa sauti kwenye kaseti. Alitusikia kanisani, akafika nyumbani siku ya pili, akamwamkia mama kwa mikono miwili. Mama akampikia bukari, yaani ugali, na samaki wa mikebuka. Alikula akamaliza, akasifu, kisha akaniambia, "Dada, imba ile wimbo pole pole. Nataka kuibeba juu ya ukumbusho tu."

Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka. Nilimfundisha pale penye kupanda na pale penye kushuka, nikamrekebisha vidole vyake vilipokosea gitaani, na mama akawa anatabasamu kwa kuwa mtu wa mbali ametaka kumkumbuka mwanawe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule mgeni alikula, akaondoka na dawa ya mwenyeji.

Nirudi sasa kwenye ile baa. Kaseti zilikuwa zinakuja kwa treni, na treni iliyoleta kaseti ile ya baani ililetea Kalemie nzima homa. Sauti ilikuwa yangu, yaani njia ya sauti, kupanda kwake na kushuka kwake, hata ule mvuto wa mwishoni. Ila ngoma ziliongezwa, na maneno yalikuwa haya:

Roza, mwili wako ungali na maji,
nani ataukausha?

Sikulia. Nilitua beseni, nikaingia sokoni kwa muuza kaseti, nikamwomba nione boksi lake. Picha ya Fiston ilikuwa pale, amevaa kofia. Chini ya jina la wimbo palikuwa na neno moja la Kifaransa, folklore, maana yake wimbo wa kienyeji, wa mababu, usio na mwenyewe. Kisha jina lake yeye, kama mtengenezaji. Nilisoma neno lile mara nyingi. Mimi niliyekuwa nimesimama pale nikiwa hai, nimegeuzwa mababu.

Nilijaribu kumficha mama. Lakini utaficha nini katika mji ambao watoto wanaochota maji wanaimba? Ikafika misa ya Lazaro ya mwaka ule. Kwaya ikaanza, na kabla hatujafika mstari wa pili nikaona mabega ya vijana wa benchi za nyuma yanachezacheza. Mmoja akacheka, akaziba mdomo. Mama alisimama, akatoka katikati ya misa bila hata kupiga goti. Nilimkuta nje, ameshika ukuta.

"Usiiimbe tena," akaniambia. "Wamemuvua mutoto wangu nguo."

Ndiyo siku nilipomwelewa Papa Gervais, naye alikuwa chini ya udongo.

Fiston alirudi Kalemie baadaye, safari hii na kundi zima la wapiga muziki. Mjomba na mimi tulimfuata mahali alipofikia. Hakutufukuza, sitamsingizia. Alituletea viti.

"Wimbo ile nilikufundisha mimi," nikamwambia. "Ulikula kwa mama."

"Ni kweli ulinifundisha, dada. Lakini kufundisha si kutunga. Ile ni wimbo ya mabibi wa milima ya Marungu. Ile namna ya kuvuta sauti, kila mutu wa huku anaijua."

"Kuvuta ni ya mabibi. Wimbo ni yangu."

"Uko na karatasi?" akauliza, tena kwa upole. Upole wake uliniumiza kuliko matusi.

Mjomba akaipeleka kesi kwa shefu wa kartié, mkuu wa mtaa wetu. Shefu akatusikiliza wote wawili, kisha akasema nilete shahidi. Nikamleta Sesilia, rafiki yangu wa kwaya, tuliyesukana naye nywele tangu utoto, aliyekuwepo nyumbani kwetu siku zile za msiba. Sesilia aliinamisha kichwa, akafikiri kweli kweli. Kisha akasema, "Mimi naikumbuka tu kwa kwaya. Labda ni ya zamani, Honorata. Mara ingine mutu anasikia kitu kwa bibi yake, anasahau, anafikiri ni yeye alitunga."

Nilimtazama, mwanangu, nikitafuta uongo usoni mwake. Haukuwepo. Laiti angekuwa amehongwa, ningejua nimchukie nani. Sesilia alikuwa ameuimba kwa upendo miaka mingi mpaka ukawa mzee kuliko sisi sote kinywani mwake. Watu walioupenda wimbo wangu ndio waliolizika jina langu.

Shefu akakohoa. "Ngombe wa malisho ya Pepa iko na chapa," akasema. "Wimbo yako, mama, iko na chapa gani? Kila mutu aimbe yake." Hukumu nzuri kuisikia. Lakini ya Fiston ilikuwa inaimbwa toka hapa mpaka mji wa Nyunzu na zaidi, na yangu mama alikuwa ameikataza. Niimbe ipi?

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakumlilia tena Lazaro kwa sauti. Siku tulipomzika yeye, nilifungua kinywa pale kaburini nikitaka kuuimba, nikaona uso wa mtu mmoja unaanza kulainika kwa tabasamu la kuutambua. Nikafunga kinywa. Tukaimba wimbo wa kitabu.

Na leo? Leo uko kwenye simu. Majuzi harusini mjukuu wangu alinivuta mkono, "Bibi, njoo ucheze, ni wimbo ya wakati yenu." Nikamwambia mguu unaniuma. Fiston naye amekwisha kufa, watoto wake wanauimba, nao wanaamini ni urithi wa baba yao. Sina moyo wa kuwachukia. Lakini sijasamehe, na sitakudanganya kwamba uzee hulainisha kila kitu.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayetunga, unayechora, unayeandika, unayegonga vyuma nyuma ya nyumba. Nimeuliza watu wa sheria nikiwa nimechelewa, na nilichokipata nakupa bure. Sheria ya nchi yetu inasema wimbo ni wako tangu siku ulipoutunga, huhitaji ruhusa ya mtu. Ningelijua hilo mbele ya shefu! Lakini sheria haina macho, mwanangu. Itauliza nani aliona. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi andika kazi yako, tia jina na tarehe, mwenye kuaminika aisaini, ipeleke kwenye biro ya watunzi ikaandikishwe, na ufanye hayo kabla hujaisimamisha mbele ya watu. Una simu: jinase ukiimba, taja jina lako na siku yenyewe, mtumie mtu atakayeitunza. Namna wanawake wanavyovuta sauti ni ya wote, wala wazo lililo kichwani halilindwi. Kinacholindwa ni kile ulichokifanya kwa mikono na kinywa chako, kikaonekana.

Mtu akija kuomba, usimfukuze, lakini mwandikiane: aimbe wapi, kwa muda gani, na je, anaruhusiwa kugusa maneno? Kumpa mtu kuimba si kumpa wimbo. Na hata ukiuuza, haki ya kutajwa jina, na ya kukataa kazi yako isivuliwe nguo, hiyo hubaki kwako. Wakikuletea karatasi usiyoielewa, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Tafuta anayesoma vizuri akueleze.

Wewe uliyebuni chombo, tuseme tanuri la kukaushia ndakala, dagaa wetu, bila kuni nyingi, kwako mambo ni mengine kabisa. Wewe funga mdomo kwanza. Mimi kosa langu lilikuwa kutoandika. Lako litakuwa kuonyesha. Uvumbuzi ukishaonyeshwa hadharani hauhesabiwi tena kuwa mpya, na biro ya serikali inayotoa hati ya uvumbuzi hutafuta kipya. Nenda kwanza kwenye biro ya viwanda, omba hati yako, ndipo uite majirani. Na kama unauza unga au sabuni kwa jina ulilolibuni mwenyewe, andikisha jina hilo nalo, kabla wa mbali hajalipenda.

Tena usiwe Fiston. Ukikuta kitu kizuri hakina jina, usiseme ni cha mababu kwa kuwa hukumwona mwenyewe. Uliza nyumba kwa nyumba. Huenda mwenyewe yuko hai, yuko sokoni na beseni kichwani.

Watu watakuambia unajivuna, unapenda pesa, unauza machozi. Mimi nilimwambia mzee wangu maneno hayo hayo. Haki hii si ya kuuzia tu. Kwanza ni ya kukatalia. Mimi sikuwa na chochote cha kukatalia, na mama yangu alilipa.

Mungu aliyekupa kipaji akupe na kauli ya kukisimamia. Kazi yako itoke kwako ikiwa na jina, ifike mbali, na ikirudi mlangoni kwako uweze kuitambua. Na wale wanaokupenda wakikumbuka ulichokifanya, wakukumbuke na wewe. Amina.